Kuipa kadi ya michoro kazi ya hesabu: kuanzia kuchagua kazi hadi kupima kwa haki

Kijana mmoja aliniletea laptopu ya gemu aliyoinunua mkononi, akaniambia amehamishia hesabu zake zote kwenye kadi ya michoro na programu imekuwa nzito kuliko mwanzo. Tulikaa na msimbo wake kama nusu saa. Hakukuwa na kosa la uandishi hata moja. Alichokuwa anafanya ni kujumlisha safu mbili ndefu za namba: anazipeleka kwenye kadi, kadi inajumlisha kufumba na kufumbua, kisha anarudisha jibu kwenye RAM. Muda wote ulikuwa unaliwa njiani.

Mwongozo huu unatokana na nusu saa ile. Kuandika programu inayotumia GPU, yaani kadi ya michoro, si kugumu tena kama zamani. Kugumu ni kujua kazi ipi uipeleke kule, na kupima bila kujidanganya. Nitakupitisha kwenye mfano mmoja tu, lakini mzima: tuna nyumba 100,000 na zahanati 5,000, na kwa kila nyumba tunataka umbali wa zahanati iliyo karibu zaidi. Hizo ni hesabu za umbali milioni 500. Ukijua Python ya kawaida na NumPy kidogo, utafika mwisho.

Kadi inafanya kazi vipi

Chukua shughuli ya harusi. CPU, yaani prosesa kuu ya kompyuta, ni mpishi mkuu: mmoja au wachache, mwepesi, anaonja, anabadili uamuzi chungu kikiwa motoni. GPU ni akina mama mia waliokaa uani, kila mmoja na ungo wake, wanachambua mchele. Ukimpambanisha mmoja wao na mpishi, mpishi anashinda. Lakini kwa sababu punje ya huyu haimhusu yule, magunia yanaisha upesi kuliko mpishi angeweza hata akikesha.

Sasa weka hivi: magunia yako Kariakoo, wachambuaji wako Mbagala, na usafiri ni bajaji moja. Hapo ndipo kijana wangu alipokwama.

Kwa namba, tuitazame kadi ya Tesla T4, ambayo wengi tunaipata bure kupitia Google Colab. Ina vitengo vya hesabu 2,560 na kumbukumbu yake ya GB 16, ambayo inaisoma kwa kasi ya takriban GB 320 kwa sekunde. Lakini njia inayoiunganisha na kompyuta, yaani PCIe 3.0 ya mistari 16, kwenye karatasi haizidi GB 16 kwa sekunde, na kwa kazi halisi ukipata 12 umepata vizuri. Barabara ya kuingilia ni nyembamba mara 20 kuliko uwanja wenyewe. Hiyo mara 20 ndiyo nitakayokuwa nairudia.

Zamani hata kufika hapo kulihitaji ujanja. Kadi zilijua rangi na pembetatu tu, kwa hiyo aliyetaka kuzitumia kwa hesabu alilazimika kuzivisha namba zake sura ya picha, kisha asome jibu kutoka kwenye rangi za picha iliyotoka. Watafiti wa Stanford, akiwemo Ian Buck, walitengeneza lugha ya Brook ili kuondoa mateso hayo. Baadaye Buck alihamia NVIDIA, na Novemba 2006 kampuni hiyo ikatangaza CUDA, mfumo wa kuandikia kadi zake programu za hesabu, pamoja na kadi ya GeForce 8800 GTX yenye vitengo 128. Mwaka 2012 watu watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, walitumia kadi mbili za gemu aina ya GTX 580, kila moja ikiwa na GB 3 tu, kufundisha mtandao wa neva uliotambua picha kwa usahihi uliowaacha wenzao mbali. Naitaja habari hii kwa sababu wapo wanaodhani bila kadi ya mamilioni huwezi kufanya lolote la maana. Kadi zile zilikuwa za kuchezea gemu.

Hatua ya kwanza: pima kazi yako kabla ya kugusa kadi

Chukua karatasi. Andika data inayosafiri ni baiti ngapi, na hesabu zinazofanyika juu yake ni ngapi.

Tuanze na kazi ya yule kijana. Namba milioni 100 za desimali ya biti 32 ni MB 400. Safu mbili zinakwenda, moja inarudi, jumla GB 1.2. Kwa njia ya GB 12 kwa sekunde, safari peke yake ni sehemu ya kumi ya sekunde. Ndani ya kadi, kusoma na kuandika GB 1.2 hiyo hiyo kwa kasi ya GB 320 kunachukua chini ya milisekunde 4. Wakati huohuo kompyuta ya kawaida yenye RAM mbili za DDR4-3200 ina uwezo wa kusoma hadi GB 51 kwa sekunde, maana yake CPU inaweza kumaliza kujumlisha kabla safu zote mbili hazijafika kwenye kadi. Kazi hii isipelekwe. Kila namba inasafiri mbali kwenda kufanyiwa jambo moja tu.

Sasa kazi yetu. Nyumba 100,000, kila moja na latitudo na longitudo, ni KB 800. Zahanati 5,000 ni KB 40, na safu moja ya ziada nitakayoieleza baadaye ni KB 20. Majibu yanayorudi ni KB 400. Yote kwa pamoja haifiki hata MB 1.3, na juu ya mzigo huo mdogo kuna hesabu za umbali milioni 500, kila moja ikiwa na saini (sine) mbili, kuzidisha na kujumlisha. Hii ndiyo kazi ya kadi: mzigo mwepesi njiani, jasho jingi ukifika.

Swali la pili la karatasi: je, kila kipande kinaweza kufanyika bila kusubiri kingine? Nyumba ya Iringa haihitaji jibu la nyumba ya Tanga, basi tuko sawa. Kama kila hatua inategemea jibu la hatua iliyotangulia, kama kukokotoa salio la akaunti muamala kwa muamala, kadi haitakusaidia kwa akaunti moja. Itakusaidia ukiwa na akaunti laki moja kwa mpigo.

Na la tatu: sehemu unayotaka kuiharakisha inakula asilimia ngapi ya muda wote? Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967 na halijabadilika. Kama asilimia 20 ya muda inaishia kusoma faili la CSV, basi hata ukipata kadi isiyotumia muda wowote, programu nzima haitazidi kasi mara 5. Mara nyingi nimeona mtu anahangaika na GPU wiki mbili wakati tatizo lilikuwa kusoma faili.

Hatua ya pili: pata kadi

Kama huna, fungua Google Colab, nenda menyu ya Runtime, chagua Change runtime type, kisha T4 GPU. Hesabu zote zinafanyika kule kwao, kwa hiyo bando lako linaliwa kidogo sana. Kitakachokumaliza ni kupakia mafaili makubwa, basi yapakie mara moja kwenye Google Drive uyaite kutoka huko. Kumbuka mashine ya Colab ni ya kuazima. Ukikaa muda bila kufanya kitu inakatwa, na faili lolote ulilolihifadhi ndani yake linapotea. Siku nyingine watakuambia kadi zimeisha. Hiyo ni kawaida, rudi baadaye.

Kama una kompyuta yenye kadi ya NVIDIA, weka draiva, kisha fungua terminali uandike:

```
nvidia-smi
```

Utaona jina la kadi, kumbukumbu iliyotumika na iliyopo, joto, na umeme inaokula. Juu kulia kuna maneno CUDA Version. Hapo wengi wanapotea. Namba ile ni toleo la juu kabisa ambalo draiva yako inalimudu, si ushahidi kwamba umeshaweka CUDA. Ikiwa inasoma 12 na kitu, weka maktaba mbili tutakazozihitaji, CuPy na Numba (inayogeuza Python kuwa lugha ya kadi), hivi:

```
pip install cupy-cuda12x
pip install "numba-cuda[cu12]"
```

Kadi ndogo inatosha kujifunzia. GTX 1650 ya GB 4, ambayo imejaa kwenye laptopu za mkononi, itafanya mfano huu wote bila shida, kwa sababu tumeshaona data yetu haifiki MB 2.

Mwenye kadi ya AMD anatumia ROCm na lugha ya HIP, ambayo imefanana na CUDA kiasi kwamba kuhama si kazi kubwa, ila hakikisha kwanza kadi yako imo kwenye orodha wanayoihudumia. Mwenye Mac ya chipu za M hana CUDA kabisa; njia nyepesi kwake ni PyTorch kwa kifaa kinachoitwa mps. Fikra zote za humu zinabaki zilezile, amri ndizo zinazobadilika.

Hatua ya tatu: tengeneza data ya majaribio

Tunatengeneza nukta za kubuni ndani ya mstatili unaoizunguka Tanzania. Nyingine zitaangukia ziwani na baharini, haidhuru, tunajaribu mashine.

```python
import math, time
import numpy as np
from numba import cuda

rng = np.random.default_rng(7)

def nukta(n):
    lat = np.radians(rng.uniform(-11.7, -1.0, n))
    lon = np.radians(rng.uniform(29.4, 40.4, n))
    return lat.astype(np.float32), lon.astype(np.float32)

ny_lat, ny_lon = nukta(100_000)
za_lat, za_lon = nukta(5_000)
za_cos = np.cos(za_lat)
```

Angalia vitu viwili. Cha kwanza, `astype(np.float32)`. NumPy kwa kawaida yake inakupa desimali za biti 64, na T4 inazifanya hizo kwa kasi ya 1 kwa 32 ukilinganisha na za biti 32. Kadi za gemu ziko hivyo hivyo au zaidi. Lakini usipunguze biti kabla ya kujiuliza unapoteza nini. Longitudo ya Dar es Salaam iko karibu na digrii 39. Kwa radiani ni kama 0.68, na hapo namba mbili jirani za biti 32 zinaachana kwa takriban sehemu 0.06 ya milioni moja ya radiani. Ukizidisha na nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371, unapata kama sentimita 38. Kwa kutafuta zahanati ya karibu, sentimita 38 si kitu. Kwa kupima mipaka ya viwanja, ni ugomvi wa majirani. Amua wewe kwa kazi yako.

Cha pili, `za_cos`. Kosaini ya latitudo ya zahanati inahitajika kwenye kila umbali, lakini zahanati haihami. Tukiihesabu mara moja tunafanya kosaini 5,000. Tukiiacha ndani ya kitanzi tunazifanya milioni 500. Hiyo ndiyo safu ya ziada niliyoitaja.

Hatua ya nne: jaribu njia fupi, uone inapokomea

CuPy ni maktaba inayoiga NumPy karibu kila kitu, tofauti yake ni kwamba safu zake zinakaa kwenye kadi. Unaiita kwa `import cupy as cp`, unaandika `cp.asarray(ny_lat)` data inahamia kule, na `cp.sin`, `cp.sqrt`, `cp.min` zinafanya kazi kama unavyozijua. Kwa kazi nyingi za kila siku hii inatosha kabisa, na nakushauri uanze nayo kabla hujaandika kerneli, yaani msimbo unaoendeshwa na kadi yenyewe, kwa mkono wako.

Ila kwa kazi yetu inaweza kukuangusha, na ni vizuri uone kwa nini. Ukiandika fomula ya umbali kwa mtindo wa NumPy, nyumba zikiwa safu wima na zahanati safu mlalo, kila hatua ya fomula inazaa jedwali la 100,000 kwa 5,000. Kwa biti 32 hiyo ni GB 2. Kwa biti 64 ni GB 4. Tofauti ya latitudo jedwali moja, ya longitudo jingine, saini zake mengine, na kabla hujafika kwenye kipeuo cha pili kadi ya GB 16 inaweza kujaa na ukapewa OutOfMemoryError, yaani kumbukumbu imeisha. Na hata kama ingeenea, kadi ingekuwa inaandika na kusoma magiga ya majedwali ambayo huyahitaji. Unachotaka ni namba moja kwa kila nyumba.

Unaweza kukata nyumba mafungu ya elfu kumi kumi na kwenda hivyo. Inafanya kazi. Lakini kerneli ni nzuri zaidi, na si ndefu.

Hatua ya tano: andika kerneli

Kerneli ni msimbo wa mfanyakazi mmoja. Huandiki kitanzi cha kuzunguka nyumba zote. Unaandika kitakachofanywa na uzi (thread) mmoja kwa nyumba moja, kisha unaiambia kadi izindue nyuzi laki moja.

```python
NUSU = np.float32(0.5)
KIPENYO = np.float32(12742.0)

@cuda.jit
def karibu(ny_lat, ny_lon, za_lat, za_lon, za_cos, jibu):
    i = cuda.grid(1)
    if i < ny_lat.size:
        la = ny_lat[i]
        lo = ny_lon[i]
        cos_la = math.cos(la)
        ndogo = np.float32(9.0)
        for j in range(za_lat.size):
            s1 = math.sin((za_lat[j] - la) * NUSU)
            s2 = math.sin((za_lon[j] - lo) * NUSU)
            a = s1 * s1 + cos_la * za_cos[j] * s2 * s2
            if a < ndogo:
                ndogo = a
        jibu[i] = KIPENYO * math.asin(math.sqrt(ndogo))
```

`cuda.grid(1)` inampa kila uzi namba yake, na namba hiyo ndiyo nyumba yake. Ule mstari wa `if i < ny_lat.size` usiufute hata siku moja. Nyuzi zinazinduliwa kwa makundi. Tukiweka nyuzi 256 kwa kila kundi, tunahitaji makundi 391, na 391 mara 256 ni 100,096. Nyuzi 96 hazina nyumba. Bila ule mstari zingesoma na kuandika nje ya safu, na kosa la namna hiyo linaweza kunyamaza siku nyingi likiharibu majibu bila programu kuanguka.

Tazama pia kwamba ndani ya kitanzi hakuna kipeuo cha pili (sqrt) wala asini (asin). Kadiri `a` inavyokuwa ndogo ndivyo umbali unavyokuwa mdogo, kwa hiyo tunalinganisha `a` zenyewe, na mwisho kabisa tunaibadilisha moja kuwa kilomita.

Sasa lile lililonigharimu jioni nzima: kwa nini nimeandika `NUSU` badala ya 0.5? Kwa sababu Numba inaichukulia 0.5 uliyoiandika mkono kuwa desimali ya biti 64. Ukizidisha namba ya biti 32 na ya biti 64, jibu linakuwa la biti 64, na kuanzia hapo saini, kuzidisha, kila kitu kinahamia kwenye ile njia ya polepole ya 1 kwa 32. Msimbo unaonekana sahihi. Majibu ni sahihi. Kadi inafanya kazi, ila inatambaa. Namba nzima iliyoandikwa mkono, kama 2 mbele ya namba ya biti 32, inaleta balaa lile lile. Ukiona kerneli yako nzito bila sababu, anza kwa kukagua namba ulizoziandika kwa mkono.

Hatua ya sita: peleka, zindua, pima

```python
d = [cuda.to_device(s) for s in (ny_lat, ny_lon, za_lat, za_lon, za_cos)]
d_jibu = cuda.device_array(ny_lat.size, dtype=np.float32)

nyuzi = 256
makundi = (ny_lat.size + nyuzi - 1) // nyuzi

karibu[makundi, nyuzi](*d, d_jibu)
cuda.synchronize()

t = time.perf_counter()
karibu[makundi, nyuzi](*d, d_jibu)
cuda.synchronize()
print("kerneli:", time.perf_counter() - t)

jibu = d_jibu.copy_to_host()
```

Nimeizindua mara mbili makusudi. Mara ya kwanza Numba inautafsiri msimbo kuwa lugha ya kadi, na kazi hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe. Ukiipima hiyo utadhani kadi haifai.

`cuda.synchronize()` inakulinda na kosa la upande wa pili. Python ikishaiagiza kadi ianze, haisubiri. Inaendelea na mstari unaofuata palepale. Bila kusubiri, saa yako inapima muda wa kutoa amri, si wa kufanya kazi. Nimewahi kupeleka ripoti yenye kasi ya ajabu ya namna hii kwa watu walioniamini, na ilinibidi nirudi kwao kuisahihisha. Tangu siku hiyo siamini kipimo chochote cha GPU, kiwe changu au cha mwingine, kabla sijaona mahali aliposubiri.

Kisha pima tena, safari hii ukianzia kabla ya `to_device` na kuishia baada ya `copy_to_host`. Hicho ndicho kipimo anachokihisi mtumiaji, na ndicho cha kuweka kwenye ripoti. Kwa kazi yetu vipimo hivyo viwili vitakaribiana. Kwa kazi ya kujumlisha safu vitaachana vibaya.

Haki nyingine unayodaiwa ni ya CPU. Usiilinganishe kadi na kitanzi kitupu cha Python. Hicho kinashindwa na kila mtu. Andika kazi ile ile kwa `@njit(parallel=True, fastmath=True)` na `prange` za Numba, ili CPU itumie viini vyake vyote, ndipo ushindanishe. Ukiwa Colab kumbuka mashine ya bure ina viini vichache sana vya CPU, kwa hiyo ushindi wa kadi kule unaonekana mkubwa kuliko utakavyokuwa kwenye kompyuta yako ya mezani.

Na kabla ya kushangilia kasi, linganisha majibu. Chukua nyumba elfu moja za mwanzo, zihesabu kwa NumPy ya biti 64, kisha tazama tofauti kubwa kabisa. Ikizidi mita chache, kuna kitu hakiko sawa, na mara nyingi ni digrii zilizosahaulika kugeuzwa radiani.

Hatua ya saba: kunoa

Kadi haiendeshi uzi mmoja mmoja. Inaziendesha kwa mafungu ya nyuzi 32 zinazotekeleza amri moja kwa wakati mmoja. Ukilishika hili, ushauri mwingi wa GPU utakaousoma popote unaeleweka wenyewe.

Ukubwa wa kundi uwe ni 32 mara kitu: 128, 256, 512. Kikomo ni 1,024. Ukiweka 100, fungu la mwisho la kila kundi linabaki na nyuzi 4 tu zenye kazi, na nafasi 28 zinakaa bure.

Nyuzi jirani zisome data jirani. Nyuzi 32 zikisoma namba 32 zilizopangana za biti 32, hizo ni baiti 128 mfululizo na kadi inazichota kwa mkupuo. Ndiyo maana latitudo zangu ziko kwenye safu yake na longitudo kwenye yake, badala ya jedwali moja la jozi jozi. Na ndani ya kitanzi nyuzi zote 32 zinaisoma zahanati ile ile kwa wakati ule ule, hivyo usomaji mmoja unazihudumia zote.

`if` ndani ya kerneli si dhambi, lakini kama nyuzi 16 za fungu zinakwenda kushoto na 16 kulia, fungu zima linapita njia zote mbili kwa zamu. Kwetu `if a < ndogo` ina kazi fupi sana ndani yake, haiumizi.

Kama una hatua kadhaa, data ikishafika kwenye kadi iache huko huko hadi mwisho. Kila unapoirudisha ili uangalie tu, umelipa nauli ya kwenda na kurudi.

Kwa mwenye laptopu: fungua terminali ya pili na uandike `nvidia-smi -l 2`, inajionyesha upya kila sekunde 2. Joto likipanda sana kadi inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kwa hali ya hewa ya Dar au Mombasa mwezi wa pili hilo linakuja mapema. Inua laptopu nyuma matundu yapumue, safisha vumbi la feni, chomeka chaja kwa sababu kwa betri peke yake kadi nyingi hazifiki kasi yao. Na ile asilimia ya GPU-Util usiielewe vibaya: inasema muda gani kulikuwa na kerneli yoyote inayokimbia, haisemi vitengo vingapi vilikuwa na kazi. Unaweza kusoma 100 na nusu ya kadi imelala.

Ukiweka data halisi

Badilisha `nukta()` na mafaili yako, mengine yanabaki yalivyo. Kisha chora majibu kwenye ramani kabla ya kumpa mtu yeyote, maana umbali huu ni wa mstari ulionyooka. Nyumba ya kisiwa cha Ukerewe inaweza kuambiwa zahanati yake iko kilomita chache tu, kumbe katikati kuna maji ya Ziwa Victoria na mgonjwa anahitaji mtumbwi.

Nilipokutana na hili niliongeza safu moja ya namba za maeneo, kila kisiwa na namba yake na bara namba yake, kwa nyumba na kwa zahanati. Ndani ya kitanzi, kama namba hazilingani, zahanati hiyo inarukwa. Sasa hiyo ni `if` yenye kazi nzito ndani yake, na nyumba za visiwa tofauti zikichanganyika kwenye fungu moja zitacheleweshana. Kwa hiyo zipange nyumba kwa namba ya eneo kabla ya `to_device`, ili nyuzi 32 za fungu moja ziwe za kisiwa kimoja na zipite njia moja. Kupanga kwenyewe ni `np.argsort` ya mara moja, na hiyo hiyo ndiyo utakayoitumia kuyarudisha majibu kwenye mpangilio wa faili lako.